Chakula cha Shule Hakiombwi

Katika shule nyingi za msingi za vilima vya Mbooni, kaunti ya Makueni, hoja ya chakula cha mchana kwenye mkutano wa wazazi huwa na mwisho mmoja. Mwenyekiti wa bodi husoma kiwango cha muhula: kilo kadhaa za mahindi, kilo kadhaa za maharagwe au mbaazi, pesa za mpishi, kuni, chumvi, mafuta. Wazazi hunung'unika kidogo, kisha wanakubaliana. Mtu mmoja aliyekaa nyuma anauliza: na asiyeweza je? Jibu liko tayari siku zote. "Mwenye shida aje ofisini, tutaelewana." Watu wanaridhika, mkutano unafungwa kwa maombi, na kila mmoja anashika njia ya kwenda sokoni Kikima akiamini kuwa suala la mtoto maskini limekwisha.

Halijaisha. Imani hiyo, kwamba chakula cha bure au cha nafuu kipo kwa yeyote atakayekiomba, ndiyo inayowaacha watoto na njaa. Tena inafanya hivyo kwa upole mkubwa, hata hakuna anayeona pa kulaumu.

Ombi lenyewe lina safari yake. Mama anayeishi kwa kulimia watu lazima aache kibarua cha siku hiyo, yaani aache pesa zile zile ambazo zingenunua mahindi. Akifika shuleni, mwalimu mkuu yuko kwenye mkutano mjini Wote, arudi kesho. Kesho yake anaambiwa alete barua ya naibu wa chifu. Naibu wa chifu anataka mzee wa kijiji athibitishe. Kila meza anaeleza upya mambo ambayo hata kwa dada yake huyasema kwa kujikaza: kwamba baba watoto alienda Nairobi na hatumi kitu, kwamba mbuzi wa mwisho aliuzwa Januari kwa ajili ya sare. Wapo wanaoyaweza haya. Wengi hugeuka njiani, au hawaanzi kabisa. Shuleni huonekana kuwa hawana shida, maana hawakuja.

Anayefanikiwa hajamaliza. Jina la mtoto huandikwa kwenye daftari la walioruhusiwa, na daftari hilo hukaa kwa mwalimu wa zamu. Kengele ya mchana inalia, watoto wanapanga foleni na bakuli zao mbele ya sufuria ya githeri, au isyo kama wenyeji wanavyoiita, na mwalimu anasoma majina. Darasa zima linajua orodha hiyo ni ya akina nani. Mvulana wa miaka kumi na mmoja ana heshima yake. Atazunguka nyuma ya darasa, atakunywa maji kwenye tangi, na akiulizwa atasema hana njaa, alikunywa chai nzito asubuhi.

Walimu wakuu wasigeuzwe mashetani hapa. Serikali hupeleka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwaka, kiwango kilichopangwa kwa vitabu, chaki na ukarabati. Chakula hakimo. Kwa hiyo kila mtoto anayesamehewa analishwa kwa magunia ya wazazi wengine, na kila jina jipya kwenye daftari linapunguza kijiko cha waliobaki. Mwalimu akiwa na stoo ya namna hiyo, atafanya nini ila kuwa mlinzi wa mlango? Kazi yake inamlazimu kumtilia shaka kila anayebisha hodi.

Na Kikima shaka hiyo ina chanzo kingine. Vilima vya Mbooni ni kijani. Matuta ya mashamba yanapanda hadi karibu na msitu, kuna parachichi, kuna kahawa, kuna sukuma wiki inayopakiwa kwenye magari ya kwenda mbali. Anayetoka Kitui, au nyanda za chini za Makueni kama Kathonzweni, akipanda hadi Kikima huona mahali pa watu walioshiba. "Mama, hata wewe una shamba," ndivyo mwombaji anavyoambiwa, na ni kweli analo. Shamba limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka kipande kilichomfikia yeye ni matuta matatu kwenye mteremko. Parachichi zinavunwa kwa msimu na broka ananunua kwa bei yake. Gunia la mahindi linaisha kabla ya mvua ya Novemba, na miezi hiyo ndiyo ya muhula wa tatu. Kijani cha kilima kinageuka ushahidi dhidi ya mtoto wake. Ukame wa 2020 hadi 2022, uliokula misimu mitano ya mvua mfululizo, ulitangazwa kwa picha za mizoga ya ng'ombe. Nyumba ya Mbooni inayopika mara moja kwa siku haina mzoga wa kupigwa picha.

Watetezi wa ombi husema mfumo huo ni wa haki kwa sababu unamlenga anayehitaji. Kenya imeshaujaribu ulengaji wa aina hiyo kwa kitu kikubwa kuliko githeri. Kabla ya 2003, karo ya shule ya msingi ilikuwa hivyo hivyo: mzazi aliyeshindwa angeweza kwenda kwa mwalimu mkuu, kwa chifu, kwa kanisa, akaomba. Mlango wa kuombea haukuwahi kufungwa. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikaondoa karo kwa wote, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Zaidi ya watoto milioni moja walikuwa nje wakati wote ambapo wazazi wao walikuwa huru kuomba. Mwaka uliofuata, Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza Eldoret. Naye miaka yote ile hakuna aliyemkataza kuomba.

Makueni yenyewe inalijua somo hili kuliko kaunti nyingi. Mwaka 2016 gavana Kivutha Kibwana alizindua mpango wa afya ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na wazee waliotimiza miaka 65 wakatibiwa bila malipo. Hakukuwa na kamati ya kupima nani maskini wa kutosha kuugua. Mwenye duka Kikima na mpondaji kokoto walilipa 500 ile ile na kukaa benchi moja. Wageni walikuja kutoka kaunti nyingine na nchi za nje kujifunza. Inashangaza kwamba watu wale wale walioshangilia mpango huo hawaoni kichekesho cha kumpima mtoto wa Gredi ya Tatu kabla ya kumpa kijiko cha muthokoi.

Waliosoma miaka ya 1980 wana kumbukumbu nyingine. Maziwa ya Nyayo yalianza kugawiwa shuleni 1979, pakiti ndogo yenye umbo la pembetatu, na mtoto wa mwalimu alikunywa pakiti sawa na mtoto wa mjane. Hakuna aliyejaza fomu. Mpango ulikufa miaka ya 1990 kwa sababu za pesa na usimamizi, na hadi leo hajatokea mtu wa kuonyesha kwamba kizazi kilichokunywa maziwa yale kilikuwa kivivu kuliko kilichofuata. Hata hivyo hoja ya uvivu haifi: cha bure kinamzoesha mtu vibaya. Labda kwa mtu mzima hoja hiyo ina pa kushikia. Kwa mtoto wa miaka saba, ambaye hawezi kuajiriwa wala kulima kwa haki, haina. Kinachomlemaza ni kukaa somo la Hisabati la saa nane akiwa na tumbo tupu.

Ushahidi wa upande wa kulisha wote haujakosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia shule za chekechea 50 magharibi mwa Kenya. Nusu yake zilipewa uji wa asubuhi kwa watoto wote. Mahudhurio katika shule za uji yalikuwa asilimia 35.9, kwingine 27.4. Kwa haki isemwe pia kwamba alama za mitihani zilipanda pale tu mwalimu alipokuwa na mafunzo mazuri, uji haufundishi. Lakini mtoto aliyebaki nyumbani hafundishwi hata na mwalimu bora wa Ukambani.

Basi kwa nini ombi linapendwa hivi? Sehemu ya jibu iko kwenye basari. Kwa zaidi ya miaka ishirini Wakenya wamefunzwa na mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, na baadaye na basari za kaunti, kwamba msaada hupitia fomu, fomu hupitia kwa mtu, na mtu huyo hushukuriwa. Hundi hutolewa uwanjani, kukiwa na kipaza sauti na mahema. Chakula cha kila mtoto hakina sherehe ya namna hiyo. Githeri ikipikwa kila siku kwa sababu bajeti inasema ipikwe, hakuna mheshimiwa wa kupigiwa makofi, na chifu hana barua ya kugonga muhuri. Fomu ina mwenyewe, na mwenyewe haiachi kirahisi.

Wengine husema hata nchi tajiri zinatumia fomu. Ni kweli, na zimeanza kuzichoka. Marekani ilikuwa na shule zilizogonga muhuri mkononi mwa mtoto mwenye deni la chakula, mpaka jimbo la New Mexico likapiga marufuku aibu hiyo kwa sheria mwaka 2017. Tangu sheria ya 2010, shule za Marekani zilizo katika maeneo maskini zinaruhusiwa kuachana na fomu na kulisha kila mwanafunzi. London hulisha watoto wote wa shule za msingi za umma tangu Septemba 2023. India haikungoja utajiri: Novemba 2001 Mahakama ya Juu iliamuru chakula kilichopikwa kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali, na kwa amri hiyo mzazi hakuwa na haja ya kujieleza kwa yeyote.

Nairobi nayo ina jiko lake. Chini ya mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023 kwa ushirikiano na shirika la Food4Education la Wawira Njiru, mtoto hulipia mlo shilingi 5 kwa bangili anayoigusisha kwenye kifaa. Foleni ni moja, na salio la mwenzako hulioni. Malipo madogo kwa wote na siri kwa kila mmoja: kwa akili ya kawaida hili ni jambo rahisi, lakini limeikwepa mikutano mingi ya wazazi.

Inabaki hoja ya tajiri: kwa nini umma umlishe mtoto wa mwenye matatu? Jibu la Kikima ni kwamba mwenye matatu kwa kawaida mtoto wake yuko akademi, na lanchi imo kwenye karo. Wachache waliobaki shule ya umma wakila, gharama yao ni ndogo kuliko muda wa mwalimu mkuu, wa chifu na wa mama, unaoteketea katika kuwachuja. Na mtoto wa mwenye matatu akila sufuria ile ile, baba yake atakuwa wa kwanza kupiga kelele maharagwe yakiwa na wadudu. Kelele zake zina nguvu kuliko za mama wa kibarua.

Sheria nayo imeshasema. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Serikali ilipokabidhiwa kikamilifu mpango wa chakula shuleni na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani mwaka 2018, ilibeba dhima hiyo katika kaunti kame, Makueni na Kitui zikiwemo. Magunia yanapofika shule, hupikwa kwa wote. Yanapochelewa au kupita shule nyingine, daftari la waombaji linafunguliwa upya, kana kwamba haki ilikuwa ndani ya gunia.

Kuna mambo bodi ya shule inaweza kuyafanya bila kungoja Nairobi. Mchango unaweza kuhesabiwa kwa nyumba, na nyumba isiyo na nafaka ikachangia kuni, maji au siku za kumsaidia mpishi. Wakamba walijenga matuta ya Mbooni kwa mwethya, kazi ya pamoja, namna hiyo, kila mtu na jembe lake, na hakuna aliyeombwa barua ya umaskini. Orodha iliyo jikoni iwe ya idadi ya watoto waliopo siku hiyo, basi.

Lakini bodi haina hazina. Chekechea iko chini ya kaunti, Gredi ya Kwanza iko chini ya serikali kuu, ingawa madarasa hayo mawili mara nyingi hutumia lango moja na tangi moja la maji. Bunge la kaunti Wote na Bunge la Taifa yote hushughulikia bajeti Juni. Mwakilishi wa wadi na mbunge wa Mbooni wakija kuwaeleza wazazi idadi ya fomu walizogawa mwaka huu, waulizwe ni shilingi ngapi wameweka kwa kila bakuli, kwa siku ngapi za muhula, na pesa hizo zinafika shuleni wiki gani.