Jina Letu Mbinguni

Jioni moja nilikuwa Nyamira kwa rafiki yangu mwalimu, tukinywa chai ya huko huko. Likapita lori la majani ya chai, vikombe vikatetemeka mezani. Mwanawe akaniuliza: "Mzee, eti Wamarekani wamenasa mtikisiko wa mashimo meusi yaliyogongana mbinguni. Wamejuaje kuwa si lori?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Ndiyo maana wataalamu walijenga mitambo miwili, Livingston na Hanford, kilomita 3,000 baina yake. Lori la Nyamira halitikisi kikombe cha Mombasa; wimbi la mbinguni hupita kote. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo yote miwili ilitikisika kwa namna moja. Mashimo meusi mawili, moja zito yapata mara 36 kuliko jua na jingine mara 29, yalikuwa yameungana mbali mno, hata habari yake ikasafiri zaidi ya miaka bilioni moja kutufikia. Einstein aliyabashiri mawimbi hayo mwaka 1916.

"Basi hayo ni mambo ya Wazungu," akasema kijana.

Hapo nilimkatiza. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Waitaliano walirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kwa kupima miale ya eksirei, ilisaidia kulifichua Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Na sisi tulitoa nini? Bahari na jina. Manahodha wetu walivuka hadi Arabuni kwa kusoma nyota. Wajukuu wao tukasimama ufuoni kutazama moto wa roketi ukipanda.

Wako miongoni mwetu ambao kila jambo likigunduliwa husema, "Hilo limo Kitabuni tangu zamani." Sawa. Lakini Kitabu hicho hicho kimetuamrisha tuzitazame mbingu. Mbona hatukutazama?

Nionavyo mimi, habari ya Uhuru ifundishwe Malindi na Nyamira, skuli na madrasa, si kwa kujisifu bali kwa kuamsha. Kijana yule ameshaanza, kwani hakuuliza nani kasema, ameuliza wamejuaje. Elimu huanzia hapo.