Ridhaa ya Aliyepotewa na Maneno

Mnamo mwaka wa 1901, mwanamke mmoja kwa jina Auguste Deter alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Daktari Alois Alzheimer alirekodi kwamba mama huyo alimshuku mumewe kwa wivu mkali, na wakati mwingine alipiga mayowe akiamini kuwa anataka kuuawa. Aghalabu maradhi yaliyopewa jina la daktari huyo huelezwa kuwa usahaulifu tu. Maruweruwe na hofu vilikuwamo tangu mgonjwa wa kwanza.

Wapo wanaodai kuwa kumjaribia dawa mzee wa aina hii ni ukatili. Dai hilo halina mashiko. Kwa miaka mingi wazee walipewa dawa zilizokusudiwa maradhi mengine ya akili. Mwaka wa 2005, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichunguza majaribio 17 na kubaini kuwa waliofariki miongoni mwa waliotumia dawa hizo walikuwa takribani asilimia 4.5, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 2.6. Lau si majaribio, vifo hivyo vingehesabiwa kuwa vya uzee.

Hata hivyo, jaribio lina gharama yake. Katika utafiti wa dawa ya pimavanserin uliochapishwa mwaka wa 2021, wagonjwa waliokwisha kupata nafuu waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likaondolewa dawa pasi na kujua. Dalili zilirejea kwa wagonjwa 28 kati ya 99 walioondolewa, na kwa 12 kati ya 95 walioendelea. Tofauti hiyo ilipatikana kwa kuwa wazee fulani walirudishwa katika hofu yao. Mwaka uliofuata, mamlaka iyo hiyo ilikataa kuiidhinisha dawa hiyo kwa wagonjwa wa Alzheimer.

Ni nani aliyekubali kwa niaba yao? Kwa kawaida jamaa ndiye hutia sahihi pale mgonjwa asipoweza kuamua, naye huenda amechoka kwa kukesha. (Kuchoka si dhambi.) Lakini mgonjwa aliyepotewa na maneno hajapotewa na lugha yote: hugeuza uso, hufumba kinywa, husukuma mkono. Wataalamu wa lugha wanajua kwamba ishara hizo ni kauli. Kidonge kikitemwa mara mbili, mtafiti asikirudishe kinywani kwa hoja kuwa mwana amekwisha kutia sahihi.