MABINTI ZETU NAO WAKIMBIE



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, mwaka huu mzazi mmoja alinijia baada ya Alasiri akiwa amekasirika. Alimkuta binti yake anacheza rede uani kwa madrasa. "Ustadhi, nimemleta asome, sikumleta arukeruke." Nilimwomba radhi kwa kutomwarifu mapema. Kwa mchezo wenyewe sikuomba radhi, na hapa naeleza sababu.

Watoto wetu wanakaa mno. Asubuhi wako kwenye madawati shuleni, na wengine hupelekwa kwa bajaji hata pale ambapo kwa miguu ni dakika kumi. Jioni wanakaa jamvini mbele yetu na juzuu zao. Wavulana angalau hupata mpira, ingawa hapa Kinyerezi kila penye uwazi panajengwa nyumba. Binti yeye akitoka madrasa ni jikoni au televisheni. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kushughulisha mwili kila siku. Hebu mzazi hesabu za binti yako.

Wapo wasemao swala tano zinatosha. Swala ni ibada, tuiache iwe ibada. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, na Masahaba (R.A.) walioziswali kwa utulivu kuliko sisi bado walipanda farasi na kurusha mishale. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.) safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, akashindwa. Habari hii imo katika Sunan ya Abu Daud, na katika mapokezi ya Imam Ahmad imo kwamba watu waliamrishwa kwanza watangulie mbele. Basi mbio zilikuwepo na stara ilikuwepo.

Na maradhi yapo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la damu. Mimi Ustadhi wenu, kwa miaka yangu 34, nimo katika robo hiyo. Daktari aliniambia nitembee, na sasa naenda msikitini Alfajiri kwa miguu, pikipiki naiacha nyumbani.

Kwa hiyo kila Jumamosi wavulana wataondoka kwanza, geti litafungwa, na mabinti watacheza nusu saa wakiwa na mwalimu wao wa kike. Rede, kuruka kamba, mbio za ukuta hadi ukuta. Akina mama wanaotaka kujiunga wanakaribishwa, waje na nguo pana na viatu vya raba.

Yule mzazi bado hajakubali. Binti yake hukaa kibarazani akiwashikia wenzake mikoba. Namwomba baba yake aje siku moja tuzungumze.