Ndugu Uliyeumia Kazini, Dai Kilicho Chako

Mtu akikatwa vidole na mashine ya kupasulia mbao, au akianguka kutoka ghorofani kwenye ujenzi akaumia uti wa mgongo, jamaa zake humwambia kwanza amshukuru Mungu kwa kuwa yu hai. Hilo ni neno jema. Kisha humshauri aende kwa bosi akamwangukie, amwonee huruma. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Mfanyakazi aliyeumia kazini haendi kumwangukia mtu. Anakwenda kudai alichowekewa na sheria.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015 kwa Tanzania Bara. Kabla yake tulikuwa na sheria ya tangu enzi za mkoloni, ambayo viwango vyake vilibaki pale pale huku shilingi ikishuka thamani, hata aliyepoteza mkono akalipwa fedha isiyomfikisha mwisho wa mwezi. Sasa wanaochangia ni waajiri, wa serikali na wa sekta binafsi, nusu ya asilimia moja ya mishahara wanayolipa. Mfanyakazi hakatwi kitu. Kwa hiyo fedha hiyo si hisani ya bosi wala ya ofisa aliyekaa mezani. Imewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo iliyokukuta.

Na si fedha ya kudharau. Mfuko hulipia matibabu. Aliyelazimika kukaa nyumbani kwa muda akijiuguza hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, madaktari huupima kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Yupo pia yule asiyeweza kujilisha wala kujigeuza kitandani. Sheria imemkumbuka, ikaweka malipo kwa ajili ya mtu wa kumhudumia. Ni mara ngapi tumemwona mke akiacha genge lake, au binti akiacha shule, ili amuuguze baba, na hakuna aliyewaambia kuwa malipo hayo yapo?

Kinachowakosesha watu haki hii, kwa sehemu kubwa, ni yale yanayofanyika siku chache za mwanzo. Bosi humpeleka majeruhi hospitali kwa gari lake, hulipa bili, humwachia laki mbili za kula, kisha humwambia: “Haya mambo tuyamalize hapa hapa, tusifike mbali.” Majeruhi, akiwa na maumivu na hofu ya kufukuzwa, huitikia. Karatasi haiandikwi. Miezi inapita, laki mbili zimekwisha, mkono haujarudi, na bosi hapokei simu. Sasa ndiyo anakumbuka kutafuta mashahidi, kumbe wenzake wa zamu ile wameshatawanyika.

Nakusihi basi, ndugu yangu, hata kama bosi wako ni mtu mwema, jambo hilo liandikwe. Mwajiri akishapata taarifa ya ajali anatakiwa kuifikisha kwenye Mfuko ndani ya siku 7. Asipofanya hivyo, wewe au ndugu yako mfike wenyewe ofisi ya Mfuko, kwa maana dai lina muda wake wa miezi 12, na ukiuacha upite umejifungia mlango. Hospitali, mweleze daktari wazi kwamba uliumia kazini, na uhakikishe ameandika hivyo. Ukiwa dereva au utingo na ajali imetokea barabarani, taarifa ya polisi iwepo. Tunza hati ya malipo ya mshahara, mkataba, vyeti vya hospitali. Toa nakala, na za asili zisikutoke mikononi bila sababu. Majina ya walioshuhudia yaandikwe siku ile ile. Na mwajiri akikwambia kwamba hajajisajili kwenye Mfuko, usinyamaze. Kutojisajili ni kosa lake yeye mbele ya sheria.

Wapo ambao hawakuanguka popote. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mwamba miaka mingi huanza kukohoa taratibu, akaitibu TB isiyopona. Fundi wa kiwandani hupoteza usikivu kidogo kidogo, watoto wakadhani baba amekuwa mkali. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yanafidiwa, lakini daktari asiyejua unafanya kazi gani hawezi kuyaunganisha. Mwambie umefanya kazi gani, wapi, na kwa miaka mingapi.

Kama ugonjwa wako hauhusiani na kazi, usikate tamaa. Mwanachama wa NSSF au PSSSF aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi ana mafao yake ya ulemavu, akitimiza masharti ya michango. Ninachosikitikia ni mkulima, mama ntilie na kijana wa bodaboda wasio na mwajiri wa kuwachangia. Taifa linalokula jasho lao lina deni kwao, na wabunge wetu hawana budi kulisema hadharani.

Kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi: aliyevunjika mkono wa kulia hawezi kujaza fomu. Mfuateni nyumbani, mjazieni, msindikizeni. Na akipewa asilimia ndogo kuliko ulemavu anaouishi, msimwache arudi nyumbani na manung'uniko. Sheria imempa nafasi ya kupinga uamuzi huo. Mwandikieni pingamizi mapema, likiwa na vyeti vyote vya daktari.