Mtoto naye ale (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Kasansa, leo naongea na mnaopanda gari kwenda Mpanda na watoto. Mkifika mjini mnaingia hotelini. Baba anaagiza wali na mgebuka, mama wali nyama. Mtoto wa mwaka na nusu? Chipsi na soda! Eti ndo raha ya mjini. Jamani, raha ya nani?

Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Katumbo kakishajaa hiyo, chakula hakiingii tena. Halafu kliniki mnaniuliza mbona uzito haupandi. Utafiti wa taifa wa 2022: watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Msiniambie hela. Ya chipsi na soda inatosha wali maharage kwa mama ntilie. Omba kisahani, ponda maharage, mnawishe kwa sabuni, mlishe taratibu. Mchuzi mtupu si chakula. Chai ya rangi juu ya chakula pia acheni, inazuia madini ya chuma.

Na wewe baba unayechungulia simu ya mkeo: huo mgebuka, toa miiba, mnofu mgawie mtoto.