Kamera za maegesho: fedha ianzie mtaroni

Mwenye kiwanja mjini anaweza kukigeuza maegesho ya magari kwa uzio, lango, taa, walinzi na kamera. Bidhaa anayouza si nafasi ya gari tu, bali pia usalama wa gari hilo. Siku kioo kinapovunjwa na picha ikakosekana, mteja hataki kusikia habari za fundi.

Hata hivyo, makadirio mengi ya kazi hii huanzia mahali pasipofaa. Mwekezaji huuliza kamera ni ngapi na picha ni safi kiasi gani, kisha hupunguza gharama kwenye waya na umeme. Huko ndiko hasara inakozaliwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Ichukuliwe kamera ya volti 12 inayotumia ampea 1 usiku, iliyofungwa mita 60 kutoka chumba cha mlinzi kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5. Kwa kuwa umeme huenda na kurudi, njia yake ni mita 120. Njiani hupotea volti zipatazo 4, na kamera hubakiwa na 8 hivi. Mchana, kamera ikiwa haijawasha taa zake za kuonea gizani, hutumia umeme mdogo na mwenye mali huridhika. Usiku taa hizo zinawaka, volti zinaanguka na kamera inazimika. Mlinzi huyo basi anafanya kazi mchana na kulala usiku. Waya wa milimita za mraba 2.5 ungepunguza upotevu huo hadi chini ya volti 1.

Njia nyingine ni waya wa mtandao unaobeba picha na umeme kwa pamoja. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2003 kinaruhusu hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, na kile cha mwaka 2009 wati 30. Umeme wake ni wa volti zinazokaribia 50, hivyo upotevu ni mdogo. Mpaka wake ni mita 100. Zaidi ya hapo picha ipite kwenye faiba, lakini faiba haibebi umeme, kwa hiyo nguzo ya mbali itahitaji laini yake ya umeme.

Aidha, mnunuzi ajihadhari na waya wa bei ya chini ambao ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Kwa macho nyaya hizo hufanana. Ncha ikikwaruzwa kwa kisu, weupe wa ndani huonekana.

Umeme wa kukatika nao una bei yake. Waliopitia mgao wa mwaka 2023 nchini Tanzania hawahitaji kukumbushwa. Kamera 16 za wati 10 kila moja, pamoja na swichi na mashine ya kurekodi, zaweza kufika wati 230. Kwa saa 4 hizo ni wati-saa 920. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikikamuliwa kupita nusu mara kwa mara hufa mapema. Kwa hiyo zinahitajika mbili, wala si moja.

Mwisho ni mtaro. Mabomba yalazwe kabla ya lami au vitofali, waya wa umeme mkubwa utengwe na wa picha, na bomba moja la akiba liachwe tupu likiwa na kamba ya kuvutia. Bomba hilo ni rahisi kuliko kuvunja lami mwaka unaofuata ili kuongeza kamera mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo watakaosema kwamba mtaji hautoshi. Basi wapunguze kamera, wasipunguze waya. Kamera 8 zinazoona usiku kucha zina faida kuliko 16 zinazozimika giza linapoingia, na kamera huongezwa kwa siku moja iwapo bomba lipo. Kabla ya kutia saini, mwekezaji adai kwa maandishi urefu wa kila waya, unene wake, jumla ya wati na saa za betri. Mkandarasi asiyeweza kuzitaja namba hizo nne hajapanga kazi, na bei yake, hata ikiwa ya chini, haijakamilika.