Unafunga ndoa likizo hii? Toa orodha ya zawadi mapema

Ndugu zetu mlioko Muscat, Doha, Dubai, Riyadh na kwingineko, mambo haya mnayajua. Mwenzetu anakaribia likizo ya kwenda kuoa au kuolewa. Kadi inaingia kwenye simu, chini yake namba ya kutumia mchango, halafu kila wiki kikumbusho. Hakuna anayejua anachangia nini hasa. Mmoja anatuma pesa, mwingine ananunua blanketi, wa tatu naye blanketi. Harusi ikiisha, maharusi wana mablanketi saba na hotpoti nne, ila hawana godoro wala jiko la gesi.

Msimamo wetu ni huu: anayefunga ndoa akiwa anafanya kazi nje aandike orodha ya vitu anavyohitaji, aitoe miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, na kila mtu achague kulingana na mfuko wake. Wapo watakaosema hiyo ni tamaa. Sisi tunaona ni kuheshimu jasho la mwenzio.

Hebu tupige hesabu. Tuseme dada yetu anafanya kazi za ndani Oman kwa riyali 90 kwa mwezi. Mwezi huo amepata kadi 3, na anaona haya kutoa chini ya riyali 20 kwa kila moja. Riyali 60 zimekwenda, yaani theluthi mbili ya mshahara, na ada ya mtoto bado hajatuma. Hapo ataomba bosi ampe mshahara wa mbele, au atakopa kwa mwenzake. Ndivyo mtu aliyekuja kwa mkataba wa miaka 2 anavyojikuta anaongeza mwingine, na kiwanja bado hajanunua. Lakini akiona kwenye orodha kuna sahani za riyali 4, atachagua sahani na kutoa kwa moyo mweupe. Kutoa ni moyo, sawa, lakini moyo nao usilazimishwe kukopa.

"Zawadi haichaguliwi," wengine watatuambia. Mbona pesa tunaombana, tena kwa kukumbushana? Kama kuomba pesa si aibu, aibu iko wapi kusema pesa hiyo ni ya nini? Kwenye kitchen party za Dar es Salaam, mashangazi na mashoga wa bibi harusi hugawana kabisa: hawa friji, wale vyombo vya jikoni. Hiyo ni orodha, basi tu haijaandikwa. Na huko Marekani, duka la Marshall Field's la Chicago lilianza kuwaandikia maharusi orodha zao mwaka 1924. Jambo hili si geni.

Sasa orodha yenyewe iweje? Ianzie kwenye nyumba mtakayoishi. Kama ni chumba na sebule cha kupanga, kochi kubwa la nini? Kama maji yanakatika, andika pipa na ndoo kabla ya televisheni. Neti, godoro, jiko la gesi na mtungi wake, sufuria, pasi, beseni. Weka vitu vya bei ya chini vingi, vya kati kiasi, na vikubwa vichache. Kitu kikubwa kama friji kigawe hisa 10, mtu achukue moja au mbili. Na uandike wazi kwamba asiye na kitu, dua yake inatosha. Hilo sentensi moja tu, lakini linamtoa mtu kwenye deni.

Pili, vitu vinunuliwe nyumbani. Tunajua raha ya kushuka uwanja wa ndege na masanduku, lakini mzigo unaozidi kilo za tiketi unalipiwa, kago nayo inalipiwa, na bandarini kuna ushuru. Kikiharibika, fundi na risiti viko ng'ambo. Walioko Marekani waangalie zaidi: umeme wa kule ni volti 120, wakati wa Tanzania ni 230 na wa Kenya ni 240. Blenda ya kule ukiichomeka huku bila transfoma, inaungua siku ya kwanza. Pesa ile ile ikifika Kariakoo au Eastleigh inanunua kitu chenye risiti ya hapo hapo.

Tatu, orodha iwe na mtunzaji mmoja. Asiwe bwana harusi wala bibi harusi, wala mweka hazina wa kamati ya ukumbi na chakula. Awe mtu mwenye mkono safi, mdogo wako au shangazi aliyeko nyumbani. Kazi yake ni tatu: kitu kikichukuliwa anakikata kwenye orodha siku hiyo hiyo, pesa ikifika anakinunua, kisha anamtumia mtoaji picha ya kitu pamoja na risiti. Picha hiyo inafunga midomo yote. Bila picha, miezi sita baadaye utasikia, "Zile pesa zangu mlifanyia nini?" na urafiki umekwisha.

Angalizo kwa walioko Falme za Kiarabu: sheria ya huko hairuhusu mtu binafsi kukusanya michango kwa umma bila kibali. Usitangaze mchango hadharani mtandaoni. Orodha ibaki kwa watu unaowajua, na kila mmoja atume kwa jina lake moja kwa moja kwa mtunzaji nyumbani. Rafiki wawili au watatu wakitaka kitu kimoja, wagawane vitu badala ya kurundika pesa kwa mtu mmoja kambini.

Na sisi tunaopokea kadi tuna wajibu pia. Mwanzo wa mwaka panga kiasi cha harusi zote, kiweke pembeni na pesa ya kutuma nyumbani. Kikiisha, kimeisha, sema kwa adabu, "Mwaka huu nimefikia mwisho, nawaombea heri." Mwenzio akikutumia orodha, usimcheke. Amekupa nafasi ya kutoa bila kuumia, na siku ya kwako utamtumia na wewe.